Daining ya futi nane kwa tisa: namna ya kuipanga ipate nafasi na ichangamke

Jirani yangu hapa Pasua, Moshi, aliniita nimsaidie kuchagua mapazia ya daining. Alikuwa ameshanunua maua ya plastiki, saa kubwa ya ukutani na stika za vipepeo. "Dada, kila nikiongeza kitu naona kama kuta zinanisogelea," akaniambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimojawapo pale mezani, na mwanawe akaja amebeba chupa ya chai. Ili apite ilibidi nisimame, nisukume kiti chini ya meza, nijibanze ukutani. Nikaona habari ya mapazia isubiri kwanza.

Nimepanga nyumba nyingi ndogo za hapa Moshi na chache za Arusha, na karibu kote nakuta kosa moja: watu huanza na mapambo. Mapambo ndiyo ya mwisho. Kwanza mtu apite bila kujibanza, kisha mwanga uingie, kisha kuta zitulie, ndipo urembo upate pa kukaa. Ukifuata utaratibu huo, nusu ya vitu ulivyopanga kununua hutavihitaji tena.

Hatua ya kwanza: pima nafasi iliyo nyuma ya kiti

Chukua futi ya fundi, kalamu na karatasi. Pima chumba, pima meza, halafu pima kutoka ukingo wa meza hadi ukutani, kila upande. Chumba cha jirani yangu ni futi 8 kwa 9, yaani kama sentimita 244 kwa 274. Meza yake ilikuwa ya watu sita, sentimita 180 kwa 90. Ikikaa katikati, pande mbili ndefu zinabakiwa na sentimita 77 kila moja, na kwenye vichwa vya meza zinabaki 47 tu.

Sasa linganisha na mahitaji ya mwili wa mtu. Anayekula anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili asigongane viwiko na jirani yake. Akishakaa, yeye na kiti chake huchukua sentimita 45 hadi 50 kutoka ukingo wa meza. Kuvuta kiti na kuinuka kunataka 75 hadi 80. Na kama nyuma yake kuna njia ya kwenda jikoni, tafuta sentimita 110. Kwa hiyo meza ile iliruhusu watu kukaa ubavuni, lakini hakuna aliyeweza kupita nyuma yao, na viti viwili vya vichwani vilikuwa pambo tu.

Ukimaliza kupima, hesabu watu wanaokula hapo Jumanne usiku. Nasema Jumanne kwa sababu ukimuuliza mtu kwa nini ana meza ya sita au ya nane, atakutajia Krismasi. Lakini sisi tuliooa na kuolewa huku tunajua Desemba mji wa Moshi unavyopungua: watu wanapanda Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, na chakula cha sikukuu kinaliwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba. Meza kubwa ya mjini inabaki peke yake na kitambaa chake. Nyumba ya jirani yangu Jumanne wanakula wanne.

Wanne wanatoshwa na meza ya sentimita 120 kwa 75. Duara ya kipenyo cha sentimita 90 hadi 100 nayo inatosha, na inafaa sana pale daining inapokuwa njia, kwa sababu haina kona za kuchoma nyonga. Kama ni wawili kwenye chumba cha kupanga, mfano zile nyumba za Ngarenaro, Arusha, ambako sebule na daining ni kitu kimoja, mwambie seremala akufungie ubao wa kukunja ukutani kwa bawaba tatu, wenye mguu mmoja wa kuutegemeza. Mkishakula, unashushwa. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta.

Kabla hujatoa hela yoyote, kata maboksi yafanane na ukubwa wa meza unayoifikiria na uyatandaze sakafuni. Weka viti. Ishi nayo siku mbili. Mwache mtoto apite na trei yenye vikombe vya maji. Maboksi yatakuambia ukweli ambao picha za simu haziwezi kukuambia.

Hatua ya pili: meza yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinakwama.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya ile meza. "Hii ni mninga, dada. Wajomba zangu walinichangia kwenye sendofu. Nikiiuza nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumwambia auze. Meza ya sendofu haifanani na meza ya dukani.

Tulimwita seremala. Akageuza meza, akatazama chini yake, akatuambia mbao ni nzima na inaweza kupunguzwa. Kazi ilienda hivi. Alikata sentimita 60 kwenye urefu, meza ikabaki 120. Kile kipande cha 60 kwa 90 kilichotoka, akakipasua katikati vikawa vipande viwili vya 60 kwa 45. Akaviunganisha kichwa kwa kichwa, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja, kiungo kikikaa juu ya mguu wa tatu wa katikati. Hapo likapatikana benchi la sentimita 120. Akalipunguza upana libaki 40, na meza nayo akaishusha kutoka upana wa 90 hadi 75. Akapiga randa, msasa na vanishi, vyote viwili kwa pamoja ili rangi zifanane.

Ukitaka kufanya hivyo, simamia mambo mawili. Hakikisha fundi anafupisha na fremu ya chini inayoshika miguu, asikate ubao wa juu peke yake; akifanya hivyo miguu itakaa nje ya mahali pake na meza itayumba. Na aondoe skrubu na misumari yote ya zamani kabla ya kupitisha msumeno.

Benchi liliwekwa ukutani. Kiti kinahitaji nafasi ya kuvutwa nyuma, lakini benchi halivutwi. Mtu anajitelezesha na kuingia. Benchi la 40, meza ya 75 inayolifunika benchi kwa sentimita 5, jumla 110. Toa kwenye 244, upande wa viti unabaki na sentimita 134. Kutoka 77 hadi 134, na ukuta haujasogezwa hata kidogo. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45 na meza 75, kama kawaida. Liache wazi chini, usilizibe kwa mbao: jicho likiona sakafu inaendelea mpaka ukutani, chumba kinaonekana kipana zaidi, na pia unapata pa kusukumia vigoda.

Hiyo ndiyo sababu napenda viti vyenye miguu myembamba na mgongo ulio wazi. Kama viti vyako vina migongo mirefu iliyojaa sponji, peleka viwili chumbani vikae kando ya kitanda, ubaki na viwili tu vya daining.

Hatua ya tatu: toa kabla hujaweka

Friji likae jikoni kama kuna soketi inayofaa. Najua wengi tunaliweka daining, tunalifunika kitambaa cha kufuma na juu yake tunaweka maua. Linakula nafasi ya mtu mzima na linanguruma wakati wa kula. Kabati la vyombo lenye vioo linaweza kubaki, lakini lipunguze. Toa vikombe vya seti ambayo haijawahi kutumika, bakisha rafu mbili zenye vitu na moja yenye nafasi.

Kalenda tatu za ukutani ziwe moja, na hiyo moja ihamie jikoni. Picha za mahafali na za harusi usizitupe wala usizifiche, ila zikusanye ukuta mmoja, fremu za rangi moja, zikaribiane kama sentimita 5 kati yake. Zikitawanyika kuta zote, jicho halipati pa kupumzika.

Halafu piga picha ya chumba kwa simu ukiwa umesimama mlangoni. Kwenye picha utaona vitu ambavyo macho yako yameshavizoea: waya wa chaja, ndoo, mfuko uliotundikwa kwenye kitasa.

Hatua ya nne: mwanga wa mchana

Moshi na Arusha ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua letu huhama pande: Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, Desemba na Januari upande wa kusini. Miji yote miwili ina mlima wake kaskazini, Kilimanjaro kwa Moshi na Meru kwa Arusha, hivyo dirisha linalotazama mlima ndilo linalopata jua katika ile miezi ya baridi na mawingu. Dirisha la magharibi litakupa joto kali la alasiri, hasa hapa Moshi mwezi wa pili. Jua kwanza dirisha lako linatazama wapi, ndipo uchague pazia.

Mapazia mazito ya mtumba, yale mazuri ya masoko ya Memorial au Kiboriloni, ni mali, lakini kwenye daining ndogo hunywa mwanga wote. Weka shia, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, nyeupe au ya rangi ya maziwa mchana kutwa, na pazia zito la kufunga usiku tu. Fimbo ya pazia usiifunge juu kidogo ya dirisha. Ipandishe ikaribie dari, ibaki kama sentimita 10 chini yake, na izidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lilale ukutani na kioo kibaki wazi chote. Kitambaa kishuke mpaka karibu kugusa sakafu. Jicho hupanda na kitambaa, na dari huonekana juu zaidi. Osha na wavu wa mbu pia. Vumbi la kiangazi huziba wavu polepole hata usigundue, na siku ukiuosha utashangaa. Kama migomba imesongamana dirishani, punguza majani makavu.

Hatua ya tano: kioo

Kioo kikubwa hukuzidishia dirisha, lakini kinazidisha chochote kilicho mbele yake. Nyumbani kwangu nilitundika kioo kizuri bila kujaribu, nikakuta mgeni aliyekaa mezani anaona mlango wa choo. Nilikishusha, na yale matundu niliyaziba mwenyewe.

Tangu hapo nafanya hivi. Saa nne asubuhi, mtu mmoja anashika kioo chochote cha nyumbani mahali kinapokusudiwa. Mwingine anakaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, na kutaja anachokiona. Kikionyesha dirisha, anga au majani, piga alama ya penseli. Kikionyesha sinki lenye vyombo, hamisha. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 130 kutoka sakafuni, kwa sababu macho ya mtu aliyekaa yako karibu na 120, na hakuna anayefurahia kujitazama akitafuna. Duka la vioo watakukatia kwa kipimo. Waambie wasage kingo. Kwenye ukuta wa tofali toboa na utie plagi za plastiki na skrubu, msumari peke yake hautoshi kubeba uzito huo.

Kama daining yako ina sinki la kunawia mikono lenye kioo juu yake, jaribu hicho kwanza. Huenda kinatakiwa kuhamishwa tu.

Hatua ya sita: rangi

Ukuta ukiwa na unyevu au unamenyeka, tibu chanzo kwanza. Rangi haizibi maji.

Kwa chumba kidogo cha huku kwetu napenda nyeupe yenye joto kidogo, ya maziwa au ya ganda la yai. Kijivu kinachopendwa kwenye picha za mtandaoni kinapendeza penye jua la kutosha. Mwezi wa saba Arusha, asubuhi ya mawingu, kinageuka kuwa cha huzuni. Dari iwe nyeupe kabisa. Chagua silki badala ya rangi ya maji ya kawaida, kwa sababu inafutika kwa kitambaa chenye maji, na ukuta wa daining utaguswa na mikono yenye mchuzi.

Paka majaribio ya nusu mita kwa nusu mita kwenye kuta mbili tofauti. Yatazame saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku taa ikiwaka. Ukiipenda rangi nyakati zote tatu, nunua. Lita moja hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chumba cha jirani yangu kina kuta tatu, upande wa nne umefunguka sebuleni. Ukitoa dirisha na mlango zinabaki kama mita za mraba 18. Mikono miwili ni 36, kwa hiyo kopo moja la lita 4 lilitosha. Fundi alikuwa ameomba ndoo ya lita 20. Rangi ya sebule na ya daining ziwe moja, ukitenganisha unakata chumba vipande viwili.

Hatua ya saba: taa

Soma boksi la balbu. Zile za 6500K, nyeupe ya ubluu, zimejaa madukani, na chini yake machalari (ndizi za kupika na nyama) yaliyopikwa vizuri yanaonekana kama yamepoa tangu jana. Tafuta 2700K hadi 3000K, mwanga wa manjano laini. Balbu ya LED ya wati 9 inatosha juu ya meza ya wanne.

Taa ya kuning'inia iwe sentimita 75 hadi 85 juu ya meza, katikati ya meza ilivyo sasa, si katikati ya chumba. Meza ikisogea ukutani taa nayo isogee. Waya unaweza kupitishwa kwenye kulabu darini. Kikapu cha ukili kilichogeuzwa ni kifuniko kizuri cha taa, na kikiwaka hutupa vivuli vya msuko wake ukutani. Tumia LED tu, isiguse ukili, na kazi ya waya umwachie fundi umeme. Kama una pangaboi, balbu isikae juu ya mapanga yake, la sivyo kivuli kitapepesa juu ya sahani zenu muda wote wa kula. Na weka balbu moja ya kuchaji kwa siku umeme ukikatika.

Hatua ya mwisho: urembo

Sasa ndipo rangi kali inapoingia. Chagua kitambaa kimoja tu cha kuongoza: kitenge, batiki au shuka la Kimaasai. Jirani yangu alichagua kitenge chenye manjano na kijani. Tulishona foronya tatu za mito ya benchi, na kipande kilichobaki tukakiweka chini ya kawa mezani. Manjano hayohayo yakarudi mara moja tu, kwenye picha ya batiki. Picha iwe moja kubwa, upana wa karibu theluthi mbili za benchi lililo chini yake. Vipepeo vya stika tulivibandua kwa maji ya moto.

Zulia sikushauri. Ili viti visikwame, linatakiwa kuizidi meza kwa sentimita 60 kila upande, na chumba hiki hakina nafasi hiyo. Tena makombo na tope jekundu la masika vitakuchosha.

Mmea hai mmoja unazidi shada la plastiki. Isale linavumilia kivuli na halitaki maji mengi. Ni lile ambalo Wachagga hupanda kwenye mipaka ya kihamba na kulibeba wanapokwenda kuombana msamaha, hivyo kama una wazee nyumbani waulize kwanza. Baba mkwe wangu alipoliona kwenye chungu karibu na meza alinyamaza kidogo, akasema, "Basi humu mtakuwa mnakula kwa amani," akavuta kiti. Mkiwa Arusha, mawaridi yanayolimwa huko hupatikana mjini; matatu kwenye glasi ya kawaida yanatosha, na meza inabaki na nafasi ya sahani.

Wageni wakija, vigoda vinne vinatoka chini ya benchi, na sahani zinapokelewa hadi sebuleni. Wajomba wa jirani yangu walikuja baada ya Pasaka. Mmoja alikaa kwenye benchi, akapitisha kiganja juu ya ubao, akauliza mninga mzuri namna hii umenunuliwa wapi.

"Mjomba," akamjibu, "hii ni ile yenu."